Uwanja Umeokolewa, Tunaomba Ufunguo wa Stoo

Mtaa wa Machimbo,
San Telmo de las Huertas.
Alhamisi, mwezi wa Mei.

Kwa Mheshimiwa Abundio Rentería, Meya wa mji wetu. Nakala kwa Msanifu wa majengo aliyetoka jiji kuu, popote alipo na kofia yake ngumu.

YAH: KUOKOLEWA KWA UWANJA WA MJI, NA VYUMA VYA KIBANDA CHA BENDI

Mheshimiwa Meya,

Sasa hivi, kabla hata sijaandika jina lako, mwanangu Tello amekula kona ya tangazo lenu la kuokoa uwanja. Nilikuwa nimeliweka mezani ili niyanakili maneno yake vizuri. Yeye akajivuta, akasimama kwa kushika mguu wa kiti, akanyoosha mkono, akachana, akatia mdomoni. Nilipomfungua kinywa lilikuwa limebaki neno moja tu, "urithi". Hilo nalo akalimeza. Kwa hiyo, Mheshimiwa, nikikosea mahali katika kuyanukuu maneno ya serikali, ujue yamo tumboni mwa mtoto.

Mimi naitwa Yadira Ceballos, mke wa Nicanor, ambaye yuko kaskazini akiezeka mapaa ya watu wengine. Shule niliishia ya msingi, lakini mwandiko wangu unasomeka, mwalimu alisema hivyo mbele ya darasa. Mama mkwe wangu, Doña Otilia, ameniambia kwamba nikiandika kwa upole utasoma mpaka mwisho. Basi nimeandika kwa upole.

Kwanza nakushukuru. Uwanja wetu umeokolewa. Sisi tuliokuwa tunakaa humo kila siku hatukujua kama ulikuwa unazama. Tulikuwa tunakula mahindi. Tangazo linasema mmekuja kuhifadhi mambo ya kale na papo hapo kuyafanya ya kisasa, na mimi jambo hilo nimelielewa haraka sana, maana ndivyo Doña Otilia anavyomtunza bata mzinga wake. Anamtunza vizuri mno, hasa wiki ya mwisho kabla ya sikukuu.

Nina malalamiko machache. Nimeyapa namba, kama wafanyavyo watu waliosoma.

1. Watu wa kwenye picha hawajafika.

Mlipozungushia uwanja mabati mlibandika picha kubwa inayoonyesha jinsi utakavyokuwa. Tumeitazama muda wote wa kazi, hatukuwa na kingine cha kutazama. Yupo mwanamke mrefu mwenye suruali nyeupe, anatembea na mbwa mweupe. Yupo kijana wa baiskeli aliyevaa skafu shingoni, kwa joto hili. Yupo mtoto mwenye puto, na hakuna anayemwambia asikimbie. Hakuna anayeuza kitu. Hakuna aliyeketi. Kivuli kila mmoja anacho chake, kimelala chini vizuri kama kimepigwa pasi. Nilimtafuta mtu wa hapa kwetu sikumpata. Doña Otilia alidai amemwona Don Crispín mng'arisha viatu pale pembeni, tuliposogea tukakuta ni pipa la takataka.

Sasa mabati yameondolewa, uwanja uko tayari, na wao hawajaja. Nani amewazuia? Mmewajengea uwanja mzima. Tunaomba waletwe, au tuambiwe wako wapi tukawapokee. Yule wa suruali nyeupe aje baada ya mvua kunyesha, vumbi la hapa halimjui mtu.

2. Miti.

Mliikata kwa sababu mbili zilizoandikwa: mizizi inainua mawe, na ndege wanauchafua urithi. Msanifu akaongeza ya tatu kwa mdomo wake, kwamba kanisa lilikuwa halionekani. Mheshimiwa, tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa San Telmo aliyepotea akilitafuta kanisa. Hata walevi wanalipata. Lakini sawa, sasa linaonekana. Saa saba mchana linaonekana mpaka machozi yanatoka. Na badala ya miti mmetupa mti mmoja ndani ya sanduku la chuma, una kivuli cha kumtosha kuku, kuku mwenyewe awe amesimama. Tumekubaliana kukitumia kwa zamu, wajawazito kwanza.

Ndege walirudi jioni ileile mliyomaliza kukata. Walizunguka juu ya mahali palipokuwa na matawi, wakapiga kelele kama watu walioibiwa, halafu wakaenda kulala kwenye nyaya za umeme mbele ya ofisi yako. Ukikuta madoa juu ya gari, usikasirike. Ni urithi.

3. Viti.

Viti vyetu vya zamani vya chuma vilikuwa na majina ya familia zilizovitoa, yamechorwa kwenye egemeo. Ilikuwa inasaidia. Ukigombana na akina Zaldívar unakaa kwa akina Barajas, na mji mzima unajua bila wewe kufungua kinywa. Sasa tuna matofali marefu ya zege, hayana jina wala egemeo, "ili macho yapite". Macho yanapita, kweli. Don Crispín naye alipita. Alikaa, akaegemea kwa mazoea yake ya siku zote, tukamwokota upande wa pili, kofia bado iko kichwani.

"Nimeona mbingu," akasema, "ila nako hakuna pa kuegemea."

Mchana zege lile halikaliki. Doña Otilia aliweka chapati ya mahindi juu yake ili tu aone, ikafura. Akaigeuza, ikafura na upande wa pili, akala na chumvi. Kama si viti vya kukalia, basi tunaomba viandikishwe rasmi kuwa majiko ya umma. Gesi imepanda.

4. Namba nne nilikuwa nayo kichwani. Nikaenda kuepua maharage, nikarudi haipo.

5. Taa.

Zamani taa zilikuwa juu ya nguzo. Sasa ziko ardhini, zinamulika kutoka chini "kuonyesha uzuri wa majengo". Majengo yamependeza. Sisi tumekuwa kama maiti waliofufuka kabla ya siku yao. Unajua kwamba Jumapili jioni wasichana huuzunguka uwanja kwa kwenda huku na wavulana kwa kwenda kule, ili wakutane uso kwa uso. Siku hizi msichana anakutana na matundu ya pua. Binamu yangu Maricruz amerudi nyumbani na huzuni yake. "Dada, nilikuwa nampenda," akaniambia, "lakini nimemwona mpaka ndani." Ameacha kwenda, na wenzake pia.

Hebu fikiria mwenyewe, Mheshimiwa. Bila mzunguko hakuna wachumba, bila wachumba hakuna harusi, bila harusi hakuna watoto (yaani watakuwapo, lakini bila utaratibu), na bila watoto hakuna mkono wa kushika chochote, na hapo urithi utakuwa salama moja kwa moja. Kama huo ndio mpango, ni mpango mzuri. Mngetuambia mapema tu, tusihangaike kuzaa.

6. Vyuma vya kibanda cha bendi.

Hapa, Mheshimiwa, naomba usome polepole, maana hayo mengine nimeyaandika ili kulisindikiza hili.

Tangazo linasema Jumatatu mnaondoa vyuma vyote vinavyokizunguka kibanda cha katikati ya uwanja, ambamo bendi hupiga, na mahali pake mnaweka vioo, ili kibanda kionekane. Na kwenye vioo kutakuwa na kibao: TAFADHALI USIGUSE.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua vyuma vile ni vya nini. Msanifu hajui, basi nakala yake isome hapa. Mtoto wa San Telmo hafundishwi kutembea nyumbani. Analetwa uwanjani Jumapili baada ya misa, anashikizwa vyuma vya kibanda, mama yake wa ubatizo anamtangulia na mkate mtamu mkononi, na mtoto anamfuata chuma kwa chuma, akizunguka. Mama mzazi anakaa mbali na haruhusiwi kumwita, kwa sababu mtoto akisikia sauti ya mama anageuka. Anakaa amebana midomo. Wengine wote wanaruhusiwa kusema, na wanasema. "Huyo anatembea kama baba yake akitoka kwenye pombe!" "Mwacheni, ana matako ya heshima huyo, yanamvuta nyuma!" Ndivyo tulivyotembea sisi wote, na wazazi wetu. Vile vyuma chini, kwenye kimo cha mtoto, vimeng'aa kama vijiko. Juu vina rangi, chini vinang'aa. Msanifu ameandika kwenye ripoti yake kwamba huo ni "uchakavu wa sehemu ya chini".

Mwanangu Tello mwaka na nusu umempita. Meno anayo, maneno anayo, anajua kumtukana jogoo wa jirani vizuri kabisa. Kutembea hatembei mpaka ashike. Nikimwachia anakaa chini palepale, ananitazama kama nimemfanyia ubaya. Daktari wa zahanati alimpindapinda miguu, akasema, "Mama, huyu haumwi, huyu anaogopa." Dawa ya woga hawakuwa nayo. Lakini kila Jumapili anasogea kidogo. Jumapili iliyopita, kati ya chuma na chuma, aliachia mkono mmoja, ukabaki hewani hivi, halafu akashika tena. Nilimwona. Nilibana midomo mpaka ikauma. Imebaki kidogo tu, Mheshimiwa. Na ninyi mnakuja Jumatatu.

Nilimfuata Msanifu juzi, mtoto kiunoni, mama mkwe nyuma yangu.

"Samahani, Msanifu," nikamwambia, "kwenye kioo mtoto atashika wapi?"

"Dada yangu, hapa si mahali pa kushika. Ni mahali pa kutazama."

"Atatazama nini?"

"Urithi wake."

"Urithi wenyewe ndio hivi vyuma unavyoving'oa, mwanangu," akadakia Doña Otilia.

"Bibi, vyuma vinaziba. Kioo kitakifanya kibanda kipumue."

"Kibanda kinapumua? Na wewe ulijifunzia wapi kutembea?"

Akacheka kwa adabu. "Nyumbani, bibi. Kwenye zulia."

"Ndiyo maana," akasema mama mkwe. "Unatembea kama mtu anayeogopa kulichafua."

Mafundi wakacheka, mmoja akadondosha nyundo. Msanifu akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani ametuandika sisi, chini ya uchakavu.

Doña Otilia amenituma nikwambie na hili, maneno ni yake, mimi simo. Anasema anaikumbuka siku yako. Ulizunguka huku unalia, mama yako wa ubatizo ametangulia na mkate, na mlipofika upande wa kanisa ukakaa chini ukagoma mpaka ukaongezwa wa pili. Anasema tangu hapo hujamaliza kazi yoyote bila kuongezwa. Mimi nimemkemea, Mheshimiwa, lakini ni mzee, na nimeahidi kuandika.

7. Ombi.

Fundi mmoja amenieleza kwamba vyuma havitatupwa. Vitahifadhiwa stoo ya manispaa, nyuma ya soko. Nimefurahi sana. Basi naomba mwanangu ahifadhiwe pamoja navyo. Hana gharama. Anakula maharage yaliyopondwa na ndizi, mchana analala, asiachwe na jogoo. Vyuma visimamishwe tu ukutani kwa mstari, vikifuatana, naye atavishika mpaka aache kuogopa, kisha mtanirudishia.

Ila sitaki kupendelewa peke yangu. Rosenda, jirani yangu, ana binti ambaye ameanza kusimama, na nyuma yake wapo wengine. Itabidi wapokelewe wote. Watoto wakiwa stoo, mama wa ubatizo nao waingie na mikate. Sisi mama wazazi tunatakiwa kukaa mbali na kunyamaza, tutahitaji viti. Nikauliza viti vya zamani viko wapi, nikaambiwa viko stoo. Vizuri. Tutahitaji mwanga, nikauliza nguzo za taa ziko wapi, nazo ziko stoo. Kivuli je? Nikaenda kuchungulia mwenyewe kwenye tundu la ukuta: uani mwa stoo kuna mparachichi mkubwa ajabu. Haujakatwa, kwa sababu haujaziba kitu chochote ambacho Msanifu angetaka kukiona.

Viti viko huko, taa ziko huko, kivuli kiko huko, na Jumatatu vyuma vinakwenda huko. Mheshimiwa, uwanja wetu haukuharibiwa hata kidogo! Umehamishwa, na sisi ndio tuliosahauliwa kuhamishwa nao. Tunaomba ufunguo wa stoo. Ninyi bakini na uwanja wa nje, ubaki safi, umngoje mwanamke wa suruali nyeupe na mbwa wake. Hatutakanyaga hapo. Mwuza mahindi atakuja kwetu, wachumba watazunguka kwetu, Don Crispín ataegemea kwetu. Na usiku wa Uhuru, utakaposimama kwenye roshani ya ofisi yako na bendera na kupaza sauti kwa mashujaa, usiogope ukiona chini yako pako tupu. Paza sauti tu. Tutakuitikia kutoka stoo, ukuta wenyewe si mrefu.

Nakutakia kazi njema, nawe upate pa kuegemea. Nisalimie mke wako, na mama yako mzazi, ambaye kiti cha familia yake nacho kiko huko stoo, kimelazwa kifudifudi. Nisalimie katibu wako, walinzi wa mlangoni, na mafundi wote, hasa yule wa nyundo. Msanifu msalimie pia, hatuna kinyongo naye, ni kijana wa watu na jua letu limemchoma pua.

Ni mimi, mwananchi wako,

Yadira Ceballos, mama Tello

Nyongeza (leo hiihii, jioni):

Mheshimiwa, barua hii nilikuletea mwenyewe mchana nikakuta ofisi imefungwa kwa chakula, nikaenda kungojea uwanjani na Doña Otilia na mtoto. Tukakuta mafundi wameshang'oa vyuma vya upande mmoja, wameweka kioo cha kwanza, cha mfano, pamoja na kibao chake, ili Msanifu aone rangi yake. Nikakasirika. Nikamwambia Tello, shika vilivyobaki, baba, shika upesi. Akashika, akaenda chuma kwa chuma mpaka cha mwisho, na baada ya hapo ni pengo, halafu kioo. Akasimama.

Mle ndani ya kioo kulikuwa na mtoto. Tello akamtazama. Akamwambia lile neno analomwambia jogoo, na yule naye akalisema. Akanyoosha mkono ili amshike, mwenzake akanyoosha. Basi akaachia chuma, Mheshimiwa. Mikono yote miwili. Akamwendea. Si hatua moja, ni nyingi, zimepinda, matako yakimvuta nyuma kama walivyosema, na mimi nimebana midomo mpaka nimeonja damu. Akagonga paji la uso kwenye kioo, akacheka, akakipiga makofi kwa mikono yenye maharage, chini kabisa ya kile kibao cha usiguse. Fundi wa nyundo alishika kitambaa, akatazama, akakirudisha mfukoni. "Mimi hapo sifuti," akasema. Doña Otilia alikuwa analia huku anamtukana Msanifu, nadhani ndivyo anavyoshukuru.

Sasa sijui nikuandikie nini. Kioo nilichokitukana kurasa zote hizi ndicho kilichomwachisha mtoto vyuma. Ombi la stoo kwa upande wa Tello naliondoa, mtoto anayetembea hafungiwi. Namba sita ifute. Hapana, usiifute yote, yupo binti wa Rosenda, yeye ndiyo kwanza anasimama, anahitaji pa kushika kabla ya kupata pa kuachia. Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa ufupi, tunaomba kioo kimoja, hichohicho kilichopo, na pande nyingine zote vyuma vibaki kama

Samahani, mama mkwe ananiita kutoka mlangoni, "Yadira! Njoo, mwanao huyo anaondoka!", nami namuuliza anaondoka anakwenda wapi, ananiambia ameshavuka kizingiti na